Kocha Aliyedhani Mapumziko Ni Mtego

Kocha wetu alifariki siku ya mapumziko, siku aliyoiweka yeye mwenyewe. Ilikuwa Jumatano mchana. Alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha nyumba yake hapa Nakuru, akitoa minji kwenye maganda pamoja na mke wake, akainamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka, na hakukiinua tena. Daktari aliyempokea hospitalini alimweleza mkewe kwamba moyo ulikuwa na hitilafu ya miaka mingi ambayo hakuna aliyeijua, hata mwenye moyo. Hiyo ndiyo habari. Katika mji huu, hata hivyo, habari haikai ilivyo kwa muda mrefu. Kabla ya jeneza kufika Molo alikozaliwa, watu waliofanya mazoezi chini yake walikuwa wameshapata maelezo yao, kwamba kilichomuua ni kupumzika. “Injini ya lori huwezi kuizima ghafla ikiwa moto,” mmoja wao aliniambia tukiwa kwenye foleni ya chakula msibani, sahani mkononi. “Huyo mzee angeendelea kubeba vyuma, saa hii angekuwa hapa anatucheka.”

Nimeuliza, kwa sababu kazi yangu ni kuuliza. Daktari wa moyo niliyempata kwa simu alitaka kujua kama namtania. Mtu hafi kwa sababu amepumzika Jumatano, akasema, na akaniomba radhi kwa kuwa alikuwa na wagonjwa. Naliweka jibu lake hapa mapema lisije likapotea, maana maneno ni mengi, na kuna timu moja ya wanawake ambayo namna yake ya kufanya mazoezi msimu huu itategemea ni maneno ya nani yatakayoaminiwa.

Wanaonisoma kila wiki wanajua kwamba siandiki mambo ya michezo. Kocha nilimjua kwa kulazimika. Miaka michache iliyopita daktari wangu alinitaka nichague kati ya kupunguza tumbo na kuongeza dawa, nami nikachagua tumbo. Nikaelekezwa kwenye jimu iliyo nyuma ya gereji ya matrekta, upande wa mji unaoelekea Menengai, yenye kuta za mabati, sakafu ya saruji, na vyuma ambavyo vingine vilichomelewa na mafundi wa gereji hiyo hiyo. Mwenyewe alikuwa mtu wa shingo nene na sauti ndogo. Kabla ya kuja mjini alikuwa mpakiaji wa viazi kwenye malori, na ingawa aliiacha kazi hiyo akiwa bado kijana, yenyewe haikumwacha. Kila mgeni alibebeshwa gunia la mchanga alilolishona kwa mfano wa magunia ya kwao Molo, yale yanayojazwa hadi kupita mdomo, kisha juu yakafungwa wavu wa kamba ili viazi vya ziada visimwagike. Ulilipeleka hadi ukuta wa mwisho na kulirudisha, na maji hukuyaona mpaka umelitua. Siku yangu ya kwanza nilimaliza nikaketi kando ya mlango, kizunguzungu kimenishika, naye akaja akachuchumaa mbele yangu kwa heshima zote.

“Mzee, umetapika?”

“Bado.”

“Basi hatujaanza.”

Watu walimpenda kwa hilo. Ungewakuta Jumatatu asubuhi mabenkini na madukani wakishuka ngazi kwa kushikilia ukuta, na ukiwauliza kuna nini, wanakujibu kwa fahari kwamba jana walikuwa kwa Kocha. Hakuna aliyewahi kuuliza kama nguvu zake zimeongezeka. Maumivu yalikuwa risiti ya kutosha. Nami nilikuwa miongoni mwao, tena nilishika ukuta hata pale nilipoweza kushuka bila kuushika.

Zaidi ya sisi wenye matumbo, alikuwa na timu ya voliboli ya wanawake wa mtaani, watu wazima wenye kazi na watoto. Mmoja ni nesi, mwingine hufungasha maua kwenye mashamba ya njia ya Naivasha, na nahodha wao huuza nguo za mitumba. Aliichukua ikiwa timu ya kucheza sikukuu za kanisa, akaifikisha mahali pa kukubaliwa kuingia ligi ya kanda. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Waandaaji wa ligi walitaka kila timu iwe na mkufunzi wa nguvu na utimamu wa mwili aliyefanya mtihani na kuthibitishwa. Kamati ya timu, ambayo ni wazee wawili wa kanisa na mwenyekiti mwenye duka la vipuri, ilimwambia wazi kwamba apate cheti, la sivyo watatafuta mwenye nacho. Kwake hilo halikuwa suala la cheo. Wanawake wale ndio kazi aliyoiona kuwa ni yake hasa. Sisi wengine tulikuwa njia ya kulipia kodi ya mabati.

Akaja kwangu Jumapili moja baada ya ibada, amebeba kitabu kinene kama tofali, akakiweka juu ya meza ya chai.

“Wewe si unaandika kwa gazeti?”

“Naandika.”

“Basi hii Kiingereza ni ng'ombe umezoea kukamua. Kuja unishikie, mimi inanipiga teke.”

Tukaanza. Kila Jumapili mchana, kwa miezi, mimi nikisoma aya na kuigeuza Kiswahili, naye akiigeuza tena kwa lugha ya kwake, ya mizigo na migongo. Tulipofika kwenye mfano wa wachezaji wanaoteleza juu ya barafu alinisimamisha. “Wanacheza juu ya barafu? Kwa kupenda?” Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa. “Sisi Molo tunaikanyaga asubuhi tukienda kukama na hatujawahi kuita mchezo.” Alikuwa mwanafunzi mwenye bidii ya kutisha. Majina ya misuli aliyajifunzia buchani, akiwa amesimama mbele ya paja la mbuzi lililoning'inia, kidole kikipanda na kushuka, akitaja maneno ya Kilatini moja moja, huku watu wakisubiri nyuma yake. Muuza nyama alimvumilia hadi uvumilivu ukamwisha. “Boss,” akamwambia, “hapa tunauza kwa kilo. Hatuuzi kwa jina.”

Akaenda Nairobi kufanya mtihani, kwenye chumba chenye kompyuta na kamera, akarudi ameshindwa. Nilidhani ni Kiingereza, nikaanza kujilaumu kimoyomoyo kwa tafsiri zangu. Kumbe sivyo.

“Maswali nilielewa yote,” alisema. “Hiyo ndiyo inaniuma.”

Akanieleza. Swali linamleta mchezaji aliyefanya mazoezi makali kwa wiki kadhaa. Usingizi umepungua, kuruka kwake kumeshuka, goti linauma. Ufanye nini? Kuna majibu manne. Umwongezee mzigo, umbadilishie zoezi, uendelee na ratiba ilivyo, au upunguze kazi na umpumzishe.

“Nikaona hiyo ya kupumzisha,” akasema, “nikajua hapa wanataka kuona kama mimi ni mvivu. Nikairuka. Ikaja swali nyingine, tena kuna ya kupumzisha. Nikasema, hawa watu wanajua kutega. Nikaruka zote.”

“Kocha, si tulisoma sura nzima ya mapumziko?”

“Tulisoma.”

“Ulidhani iliwekwa ya nini?”

“Ya kutega.”

Nilicheka, naye hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili akitazama mahali pengine, na nilipomaliza kucheka aliniambia kuhusu mchezaji mmoja mrefu, mpigaji wake bora, aliyeacha voliboli mwaka uliotangulia kwa sababu ya goti. Alipomlalamikia mara ya kwanza, Kocha alimjibu kwamba goti linauma kwa kuwa halijazoea. Mara ya pili alimwongezea kuruka. Mara ya tatu hakulalamika, aliacha tu kuja. “Hiyo swali,” alisema, “nilishapewa kwa uwanja kabla ya Nairobi. Na jibu lilikuwa lile lile.”

Baadaye mwezi huo alikuwa akimpelekea mama yake mbolea, akanialika twende pamoja. Nilishukuru kwa sababu nilitaka kuona alikotoka. Tulipofika Molo mvua ilikuwa imekatika na baridi imebaki, na kwenye uwanja wa kupakia kulikuwa na lori limerudi nyuma hadi kwenye lundo la magunia. Wapakiaji walikuwa wakipanda ubao mwembamba mmoja baada ya mwingine, gunia likiwa juu ya shingo, mikono ikiwa huru kama ya watu wanaotembea tu. Karibu na geti aliketi mtu aliyeinama hata akiwa ameketi, akiuza sigara na peremende kwenye kasha. Wakati Kocha akiwa kijana, mtu huyo ndiye aliyekuwa mwenzake wa lori, na ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko wote. Walisalimiana kwa matusi ya kirafiki ambayo siwezi kuyaandika hapa.

“Nasikia unafundisha watu wa Nakuru kubeba,” mwenzake akasema.

“Nafundisha.”

“Wanabeba nini?”

“Vyuma.”

“Wanavipeleka wapi?”

“Wanavirudisha pale pale.”

Yule mtu alicheka hadi kasha likatikisika. “Ona sasa! Mimi nilibeba viazi vikafika Mombasa. Wewe umezeeka ukirudisha chuma pale pale!”

Kocha alicheka naye. Kisha akachuchumaa, kama alivyochuchumaa mbele yangu ile siku ya kwanza, akamuuliza kwa sauti yake ndogo, “Hebu niambie. Hapa sisi tulikuwa tunapumzika lini?”

Mwenzake hakuhitaji kufikiri. “Lori ikiharibika.”

Tulianza safari ya kurudi. Mahali fulani, mashamba yakiwa yamepungua na mabati yakianza kuongezeka, alisema kwamba miaka yote nyumbani kwao waliamini mtu yule alirogwa na mshindani wake, kwa jinsi nguvu zilivyomwishia ghafla akiwa hajafika makamo. Familia ilikuwa imehangaika kwa waombezi, hata Kuresoi walifika kwa mtu mmoja wa dawa za mizizi. “Hakurogwa,” Kocha akasema. “Alishiba kazi.” Jumapili iliyofuata aliniomba turudie ile sura ya mapumziko tangu mwanzo, na safari hii alinisimamisha karibu kila sentensi. Kwamba misuli haikui wakati unapobeba, inakua baadaye, ukiwa umelala. Kwamba uchovu na kazi ni vitu viwili. Aliniuliza zaidi ya mara moja kama nina hakika ndivyo ilivyoandikwa.

Ndipo ikaja Jumatano. Nilikuwapo, nikiwa na shughuli zangu kwenye kona, wanawake wa timu walipoingia jioni wakiwa wamebadilisha nguo, wamejifunga nywele, tayari kwa mateso yao.

“Kocha, leo ni mguu ama mgongo?”

“Leo ni kulala.”

Walidhani ni jina la zoezi. Akawaeleza kwamba kuanzia wiki hiyo Jumatano hakuna mazoezi, na kwamba amewaita mara hii moja tu ili awaambie sababu. Nahodha alikuwa wa kwanza kusimama.

“Yaani mimi nimefunga kibanda saa za wateja, nikapanda pikipiki, nikuje niambiwe nilale? Kulala kuko kwangu, na kuna blanketi.”

“Kwako unalala?” Kocha akamuuliza.

“Kwani?”

“Jana ulilala saa ngapi?”

Mwenzake, yule nesi, akamjibia. “Huyu alikuwa anapiga nguo pasi za kuuza leo. Nilipita nikitoka shifti nikaona taa.”

“Wewe nyamaza, ulikuwa unatoka kulala?”

Wakacheka wote, hasira ikapungua kidogo, ila haikuisha. Mwenyekiti wa kamati alifika kesho yake, nikasikia sauti yake kabla hajaingia. “Boss, tulikupea timu uitengeneze. Sasa nasikia unaisomesha kulala? Wamama wakitaka kulala si wana waume?” Kocha alimsikiliza mpaka mwisho. Hakubishana. Alimwomba asubiri hadi atakapofanya mtihani mara ya pili. “Nikipita,” alisema, “hutakuwa unabishana na mimi tena. Utabishana na cheti.”

Nataka kuwa mwaminifu kuhusu kilichotokea baadaye, kwa sababu ni rahisi kumpamba marehemu. Ukutani mwa jimu kulikuwa na ubao mweusi mrefu ambapo kila mchezaji aliruka na kuacha alama ya chaki juu kadiri alivyofika. Baada ya wiki kadhaa za Jumatano, alama za wengi zilipanda. Za wachache hazikupanda, na ya nahodha ilishuka kwanza kabla ya kupanda. Mechi za kirafiki walishinda, wakapoteza, na kila walipopoteza kulikuwa na mtu wa kuilaumu Jumatano. Walipocheza Subukia wakafungwa seti zote, walirudi bila kumsalimu. Kwa upande wetu sisi wenye matumbo, hali ilikuwa mbaya zaidi. Alipoacha gunia la mchanga na kuleta ndoo ya maji ya kunywa, wanaume walianza kuhamia jimu nyingine ng'ambo ya barabara, ambako kulikuwa na mkufunzi kijana mwenye sauti ya kusikika hadi stendi. “Kitabu kimemlainisha Kocha,” walisema. Niliwaona wakishuka ngazi za benki kwa kushikilia ukuta, wamefurahi tena.

Nimefikiria sana ni kwa nini tulimchukia kwa kutuonea huruma. Nadhani ni kwa sababu uchovu, katika sehemu hizi, ndio ushahidi wetu. Mtu akikuuliza unaendeleaje, husemi kwamba u mzima, unajibu “tunang'ang'ana,” na usipojibu hivyo unaonekana kama una siri. Ofisini anayesifiwa ni anayezima taa wa mwisho, hata kama tangu mchana hakufanya chochote cha maana. Na si kwa watu tu. Wazee wetu waliopewa mashamba baada ya walowezi kuondoka walikuwa wakiacha kipande kimoja bila kulimwa, kinaota majani, ng'ombe wanakipitia. Siku hizi mashamba yamegawanywa kwa wana na wana wa wana, kila pembe ina kiazi, msimu juu ya msimu, na udongo ukichoka tunauongezea mbolea, na ugonjwa wa mnyauko ukiingia tunauita bahati mbaya. Silaumu. Mwenye kipande kidogo hana pa kuacha. Nahodha mwenye kibanda hana Jumatano ya kuchezea. Kocha alilijua hilo kuliko mimi, na ndiyo sababu hakuwahubiria wanawake wale. Aliwaondolea siku moja aliyokuwa na mamlaka nayo, akawarudishia.

Tarehe ya mtihani wa pili ilikuwa imeshapangwa. Wiki zile za mwisho alikuwa mtu mtulivu, anayefika kwangu akiwa amelala usingizi wa kutosha, na maswali ya majaribio aliyajibu bila kuniangalia usoni kutafuta kibali. Siwezi kusema angepita. Kuna hesabu za nguvu na mwendo zilizokuwa zikimshinda bado. Niseme tu kwamba hakuwa akiruka tena majibu ya kupumzisha.

Mazishi yalifanyika shambani kwa mama yake, kwenye tope na baridi, tukiwa tumevaa majaketi chini ya mahema. Ndugu yake mmoja alipewa nafasi ya kusema, na akasema kile ambacho wengi walikuwa wakinong'ona. Kwamba marehemu alikuwa ngangari mpaka aliposhika kitabu. Kwamba mwili uliozoea kazi ukinyimwa kazi huona umeitwa kaburini. Kulikuwa na vichwa vilivyotikisika kukubali, vya wachezaji vikiwemo. Mjane hakuwa kwenye orodha ya wasemaji. Alisimama hata hivyo, bila kipaza sauti, na watu wakanyamaza kwa sababu alisema polepole.

“Mimi nimeolewa na huyu mtu miaka mingi. Asubuhi alikuwa jimu, jioni jimu, Jumapili kanisa halafu jimu. Nilikuwa namuona akila na akilala. Hiyo Jumatano ilipokuja, ndio nilijua anapenda minji. Nilijua anaimba. Mnisamehe, shemeji. Kama ni mapumziko yalimuua, basi hayo mapumziko pia ndiyo yalinipatia bwana.” Akaketi. Mchungaji alikohoa, akaita wimbo.

Nilimtafuta nahodha baadaye, nikamkuta akisaidia kuosha sufuria. Aliniambia kwamba anataka kufanya mtihani ule. Alisema kwa ukali, kama mtu anayetarajia kuchekwa. Nikamuuliza kama anaamini ya Jumatano. Alisugua sufuria kwa muda. “Mwanzo nilikuwa nalala kwa hasira,” akasema. “Siku hizi nikifika Jumatano goti langu linajua kabla yangu.” Ameanza kuja kwangu Jumapili. Kiingereza chake ni kizuri kuliko cha marehemu, na subira yake ni ndogo. Hesabu zinamjia haraka. Tarehe ya mtihani hajapata.

Kamati, wakati huo huo, imeshampata mtu. Ni yule kijana wa ng'ambo ya barabara mwenye sauti. Nilistaajabu kusikia kwamba ana cheti, tena cha mtihani ule ule, na kwamba alipita mara ya kwanza. Nilikwenda kumwona. Ni mtu mwenye adabu, anajua anachokizungumza. Nikamuuliza kuhusu lile swali la mchezaji mwenye goti, akanipa jibu sahihi kabla sijamaliza kulisoma. Nyuma yake kulikuwa na watu wakitapika kwenye ndoo. Nikamuuliza kama mpango wake kwa timu una siku ya mapumziko. “Hiyo ni ya mtihani, mzee,” aliniambia, bila ubaya wowote. “Ukiwapumzisha hapa, wanaenda kwa mwingine.”

Nilimfahamu Kocha kama mtu aliyeshindwa mtihani, na nimegundua kwamba hilo ndilo ninalomheshimu zaidi. Kuna wanaosoma kitabu, wakajifunza jibu lipi linatakiwa, wakalichagua, na maisha yao yakabaki pale yalipokuwa. Yeye hakuweza. Aliulizwa swali na kompyuta katika chumba cha Nairobi, akajibu kile alichokiamini kwa mwili wake wote, akaambiwa amekosea, na badala ya kukariri jibu la watu alirudi Molo kuuliza kama ni kweli. Alipoona ni kweli, aliibadilisha kazi iliyompa jina, mbele ya watu waliompenda kwa makosa yake, akijua watamwacha. Ningependa kujifunza kubadilika hivyo, ingawa umri wangu unaniambia nimechelewa. Umri wake pia ulimwambia hivyo.

Kamati inakaa Jumapili hii, baada ya ibada ya pili. Kuna pendekezo la kijana mwenye cheti, na kuna pendekezo la nahodha, asimamie kwa muda mpango wa marehemu hadi afanye mtihani, kama ligi itakubali. Nilipita dukani kwa mwenyekiti juzi, nikamkuta akipanga mikanda ya feni kwenye rafu. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti. Akasema Kocha alikuwa rafiki yake na anamkumbuka kila siku.

“Na timu?” nikamuuliza.

“Ligi haitungojei, mzee. Inaanza.”

“Na magoti yao?”

Alishikilia mkanda mmoja mkononi, akaukunja, akaukunjua. “Magoti,” alisema, “tutaona.”